Tangi la matumbawe sebuleni: tuongelee muda kwanza, pesa baadaye

FundiMatangi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikiweka picha ya kazini WhatsApp, inboksi inajaa: "Kaka na mimi nalitaka hilo, shilingi ngapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, bora niweke uzi. Bei mtatajiwa na wauzaji, wala hawatasita. Ambacho muuzaji hakutajii ni muda, na ndicho kinachomaliza matangi mengi ninayoitwa kuyaokoa.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Tanga, niko Dubai, kazi yangu ni kuhudumia matangi ya maji chumvi kwenye majumba ya watu. Asubuhi napakia ndoo, mipira na vipimo kwenye gari, nazunguka nyumba hadi nyumba. Na siongelei tangi la samaki tu. Naongelea matumbawe hai, mwamba mdogo wa bahari ndani ya kioo.

Tuelewane kwanza. Tumbawe si ua wala jiwe, ni mnyama. Ndani ya nyama yake mna mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Joto likizidi kwa siku kadhaa, mwani huo unatoka, tumbawe linabaki jeupe. Ndiko kupauka kule kulikoipiga pwani yetu mwaka 1998. Baharini maji ni mengi, mabadiliko huja taratibu. Kwenye lita 300 hakuna wingi wa kukubeba. Kilichoharibika asubuhi, jioni kimeshafika kila pembe.

Sasa muda wenyewe.

Mwezi wa kwanza hakuna tumbawe lolote. Unaweka maji, chumvi na mawe, unasubiri bakteria. Uchafu na mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwanza wanaigeuza naitraiti, nayo sumu vilevile. Wa pili wanaigeuza naitreti, ambayo angalau inavumilika. Kwa kawaida wiki nne hadi sita. Mteja anakaa anatazama mawe matupu, anaanza kukupigia simu usiku: "Samaki lini?" Ukivuka hapo, mchanga unafunikwa na utando wa kahawia, halafu mwani wa kijani unaning'inia kwenye mawe kama ndevu, na hilo linaweza kwenda miezi. Matangi mengi ya mitumba mnayoyaona yakitangazwa "halijatumika sana" yaliuzwa na watu waliokata tamaa hapa hapa. Mimi mteja akitaka Acropora, yale matumbawe ya matawi membamba, namwambia tuonane tangi likitimiza mwaka.

Likishatulia, kila siku ni kama dakika kumi na tano. Kulisha, kusoma joto, kuona kiwango cha maji, kupangusa kioo, kisha kutazama kiumbe kimoja kimoja. Watu wanadhani huko kutazama ni starehe. Ndiyo kazi kuu. Tumbawe la nyama nyingi ambalo jana lilikuwa limefumuka na leo limejikunja, linakupa taarifa kabla ya kipimo chochote. Asiyelitazama kila siku hajui kwamba limejikunja, anadhani ndivyo lilivyo.

Kila wiki tenga saa moja na nusu hadi mbili. Unatoa asilimia kumi ya maji na kuweka mapya. Kwa lita 300 ni lita 30, na chumvi zaidi kidogo ya kilo moja, maana lengo ni gramu 35 kwa lita. Inakorogwa na pampu usiku kucha, joto lilingane na la tangini. Na maji yenyewe yachujwe kwa mashine ya RO, inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba, mpaka kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome sifuri. Hapa maji ya bomba ni ya bahari yaliyotolewa chumvi viwandani, na bado tunayachuja, kwa sababu yana klorini na yamepita kwenye mabomba na matangi ya darini.

Halafu vipimo. Cha alkaliniti, yaani akiba ya madini inayotuliza pH na ambayo tumbawe hujengea mifupa, ndicho ninachokipenda. Unachukua maji kidogo kwenye kichupa, unatia matone ya rangi, yanakuwa ya bluu. Unashika bomba la sindano lenye dawa, unadondosha tone moja, unatikisa. Bluu. Tone, unatikisa. Bluu. Unaanza kudhani dawa imeharibika, mara tone moja linageuza kichupa kizima kuwa waridi. Hapo unasimama, unasoma sindano imetumia kiasi gani.

Kwa nini tunajisumbua? Kwa sababu tumbawe linajenga mifupa, na malighafi inatoka kwenye maji hayo hayo. Tangi lililojaa matumbawe ya mifupa, yakishakua, linaweza kumaliza zaidi ya daraja moja la alkaliniti kwa siku (daraja ni kipimo chake, dKH). Wengi tunashikilia daraja 8 au 9, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350. Msizikariri. Tangi lililokaa kwenye 7.5 mwaka mzima hunenepa kuliko linaloruka 7 leo, 10 kesho. Kupanda na kushuka ndiko kunakoua, na chanzo chake karibu kila mara ni mtu aliyeruka wiki mbili kisha akataka kufidia siku moja.

Wengine hurudishia madini kwa maji ya chokaa. Ndiyo, chokaa hii hii. Wazee wetu walichoma matumbawe tanurini wapate chokaa ya kujengea nyumba za mawe, na mimi huku nakoroga chokaa ili matumbawe yajenge. Kila nikifungua kopo nacheka peke yangu. (Msije mkatia ya kupakia ukuta. Inatakiwa iliyo safi kabisa, na maji yake ni makali, pH yake ni kama 12, ngozi inaungua.)

Kila mwezi au miwili unazitoa pampu, unaziloweka kwenye siki zilainike gamba lililoganda, unazisugua. Nusu siku imekwenda.

Jumlisha: kama saa nne kwa wiki. Mtaniambia mbona kidogo, mechi moja na uchambuzi wake inafika hapo. Ni kweli. Ila saa nne hizo hazihamishiki. Huwezi kusema wiki hii nina msiba na harusi, wiki ijayo nitafanya nane. Na dakika kumi na tano za kila siku zina maana ya kila siku, Idi na Krismasi zimo.

Msimu wangu mgumu ni Julai na Agosti. Familia zinasafiri, nje nyuzijoto zinapita 40, na wapo wanaozima AC kuokoa umeme, wamesahau kuna viumbe ndani. Nyumba iliyofungwa, taa na pampu zinaongeza joto, maji yanafika nyuzi 33, 34. Harufu unaipata ukiwa bado unahangaika na ufunguo. Msije mkaniambia kwamba matumbawe ya Ghuba yanavumilia hadi nyuzi 35. Ya huko baharini, ndiyo. Ya sebuleni kwa mteja yametoka Indonesia au Australia, hayajui habari hiyo.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

---

Siti_ya_Mbele

Nimeshakaa. Wajuvi tiririkeni.

---

MzeeWaKigamboni

Mkuu nimekusoma. Mimi bahari iko dakika tano kutoka kwangu. Kwa nini nihangaike na chumvi ya mfuko? Na hayo matumbawe si napanda boti hadi Mbudya, nabandua mawili matatu?

---

FundiMatangi

Mzee wangu shikamoo. Maji sawa, matumbawe hapana.

Maji unaweza kuchota, ila uende nje kidogo, mbali na midomo ya mito na mifereji, bahari ikiwa imejaa, na si masika. Ukichota ufukweni siku mbili baada ya mvua kubwa umechota mji mzima na vyoo vyake. Hata ukipata safi, pima chumvi kila mara, usikadirie kwa ulimi. Halafu fikiria mgongo wako: lita 30 ni kilo 30 na ushei, kila wiki, kutoka mchangani hadi garini hadi sebuleni. Wengi walioanza hivyo wameishia kununua mfuko.

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari, hubandui kitu. Na matumbawe yote ya mawe yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyavusha mpaka kunataka kibali. Ninachoshauri ni vipande vilivyokatwa kutoka matangi mengine, vimegundishwa kwenye kijiwe, ukubwa wa kidole gumba. Kinakua mbele ya macho yako, na kimezaliwa tangini, kwa hiyo hakishtuki sana.

---

MzeeWaKigamboni

Marahaba. Basi Mbudya nitakwenda kula samaki tu.

---

Bint_Makorora

Hongera kaka, watu wa Tanga tunawakilishwa. Swali la mtu wa Bongo: umeme ukikatika saa sita, nane, inakuwaje? Maana huko kwenu hamjui kukatika.

---

FundiMatangi

Dada yangu, hapa ndipo muda unapogeuka kuwa wa dharura.

Umeme ukikatika, watu wanakimbilia taa. Acha taa. Matumbawe yanakaa gizani siku mbili tatu bila shida kubwa. Kinachoisha kwanza ni hewa ndani ya maji, kwa sababu maji yamesimama, na samaki wakiwa wengi wataanza kuhema juu ndani ya saa chache. Kwa hiyo cha kwanza ni kuyatembeza maji: pampu ndogo ya hewa ya betri, au inveta iliyounganishwa na pampu moja tu ya mawimbi. Kama huna kabisa, chukua kikombe, chota, mimina kutoka juu, rudia. Nawajua watu wamekesha hivyo. Na usilishe mpaka umeme urudi.

Cha pili ni joto. Huko kwetu miezi ya Januari na Februari chumba kinafika 31, 32, na tangi linataka kuwa 25 hadi 27. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili tatu, lakini pwani hewa imejaa unyevu kwa hiyo haishushi kama bara. Na feni inageuza maji kuwa mvuke, lita kadhaa kwa siku. Chumvi haiondoki na mvuke. Unarudishia maji matamu yaliyochujwa, si ya chumvi, la sivyo chumvi inapanda kila siku. Mwenye chila ya kupoozea maji anapumua kidogo, ila chila nayo inakula umeme ule ule.

Kwa hiyo anayeishi sehemu ya mgao, tangi la namna hii linataka mtu wa kuwa karibu. Si lazima awe nyumbani muda wote, ila awe anaweza kufika.

---

Nyali_Kwetu

Hapa Mombasa boss wangu aliweka moja ofisini. Alipatana na fundi aje kila wiki mbili, akadhani yamekwisha. Anayelisha ni msichana wa mapokezi, na akiona samaki wanamfuata anadhani wana njaa, anamwaga tena. Sasa kioo kimekuwa kijani na yule samaki kangaja ana madoadoa meupe. Si ukilipa fundi huo muda umeshaununua?

---

FundiMatangi

Hapana ndugu, na nakwambia hivyo mimi ninayekula kwa kazi hiyo. Nikienda mara moja kwa wiki, siku sita ni za wenye nyumba. Fundi anarekebisha alichokikuta. Kuona kwamba kitu kimeanza ni kwa anayeishi nalo. Matangi mazuri kwenye orodha yangu si ya matajiri kuliko wengine. Mojawapo linaangaliwa na mpishi wa nyumba, hajui jina hata moja la tumbawe, lakini kila asubuhi kabla ya chai anapita pale na kama kuna kitu kimejikunja ananitumia picha.

Kwa ofisi yenu: chakula cha siku kifungwe kwenye vikaratasi, kimoja cha Jumatatu, kimoja cha Jumanne, kopo lifichwe. Hili nafanya pia kwa wateja wanaosafiri, kwa sababu jirani mwenye huruma ameua samaki wengi kuliko njaa. Hayo madoadoa kwa kangaja yanaelekea kuwa vimelea vya maji chumvi. Usitie dawa ya shaba ndani ya tangi lenye matumbawe, itamaliza kamba, konokono na matumbawe yenyewe. Samaki anatolewa, anatibiwa kwenye tangi la pembeni, na tangi kubwa linakaa bila samaki wiki kadhaa vimelea vikose pa kuishi. Ndiyo maana samaki mgeni anawekwa karantini kwanza. Muda tena huo.

Na mwambie anayefagia: dawa ya kupuliza mbu na mende marufuku chumba hicho. Zile zinamaliza kamba kwa usiku mmoja, na samaki hawako mbali.

---

Wa_Ruwi

Salaam kutoka Muscat. Mleta uzi, kwa heshima, unawatisha watu. Mimi tangi langu ni mwaka wa tatu, nina mashine ya kurudishia maji, mashine ya kudondosha kalsiamu na alkaliniti, kifaa kinapima na kunitumia taarifa kwenye simu. Nasafiri Unguja wiki tatu narudi nalikuta zima. Zamani kweli ilikuwa utumwa, sasa teknolojia imekuja.

---

FundiMatangi

Sikatai, mashine zimepunguza kazi sana, na mwenye uwezo ya kwanza kununua ni ya kurudishia maji. Lakini kila mashine uliyoitaja ina muda wake. Kijiti cha kupimia pH kinataka kusafishwa na kurekebishwa, vinginevyo kinakutumia uongo kwenye simu, nawe unaamini. Mipira ya kudondosha inachoka, inadondosha pungufu. Na swichi ya kuelea: konokono mmoja akipanda juu yake, pampu inamwaga maji matamu mpaka pipa liishe, chumvi inashuka, unapokea picha ukiwa Forodhani na urojo mkononi.

Nikuulize, ukiwa Unguja hizo wiki tatu, hakuna anayepita nyumbani?

---

Wa_Ruwi

Anapita shemeji yangu kila siku mbili. 😅 Na huyo konokono namjua, tulishakutana.

---

Siti_ya_Mbele

Shemeji ndiye teknolojia yenyewe hahaha

---

Kijana_wa_Sinza

Nimesikia kuna matumbawe yana sumu ya kuua mtu. Ukweli au stori za mtandaoni?

---

FundiMatangi

Ukweli. Yale yanayofanana na vifungo vya nguo vyenye rangi rangi, jamii ya Palythoa na ndugu zake, baadhi yana sumu kali inayoitwa palitoksini. Kosa linalofanywa ni mtu kutaka kusafisha jiwe kwa maji ya moto au kulisugua nje ya maji. Mvuke ule umepeleka familia nzima hospitali, ilishatokea zaidi ya nchi moja. Glavu, miwani, na usichemshe jiwe hata siku moja. Kukata vipande kunafanyika polepole na mikono isiyo na kidonda. Hii nayo ni kazi usiyoifanya ukiwa na haraka ya kwenda kwenye kikao.

---

Mama_Nasra

Swali langu ni tofauti. Viumbe hawa wanaishi miaka mingapi? Mume wangu anataka tangi, na mimi najua nani atabaki nalo akichoka.

---

FundiMatangi

Mama Nasra umeuliza ambalo wanaume huwa hawaulizi. Wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe, wakitunzwa vizuri, wanaweza kupita miaka 20. Tumbawe halina umri wa kufa uzeeni kama sisi, koloni inaendelea kukua na kukatwa. Kuna mtu Berlin, Dietrich Stüber, alikuza Acropora tangini tangu miaka ya 1980, na vipande vyake viligawanywa tangi hadi tangi, wafugaji wakaliita tumbawe la Stüber.

Jingine: mmepanga au mmejenga? Tangi la lita 300, na mawe, mchanga na meza yake, linapita kilo 400. Mwenye nyumba akipandisha kodi mkahama, ni siku nzima ya ndoo, na maji yale mnahama nayo mengi kadiri mnavyoweza. Kama mnahama kila baada ya mwaka, mwambie baba Nasra asubiri.

---

Mama_Nasra

Tumepanga. Asante, nimempa simu asome.

---

MzeeWaKigamboni

Nimerudi. Mimi kazi zangu Dar na Dodoma, wiki huku wiki kule, na nyumbani tuko wawili, mama hataki kusikia habari za vipimo. Lakini rangi nazitaka. Nifanyeje?

---

FundiMatangi

Mzee wangu, wewe fuga mbuna. Ni samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa, wa maji matamu, wana rangi za njano na bluu ambazo mgeni akiingia atadhani ni wa baharini. Wazungu wanawatafuta dunia nzima, sisi tunao ziwani kwetu hatuna habari nao. Wanapenda maji magumu yenye chokaa, pH 8 au juu kidogo, kwa hiyo hupigani na maji kama wenzako wa matumbawe. Huhitaji mashine ya RO wala vipimo vya kalsiamu. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini, badilisha robo ya tangi kila wiki au wiki mbili, safisha chujio, basi. Mbuna wazima waliokua wanakaa wiki bila kula na hawafi.

Wagomvi, lakini. Usiweke watatu wanne, mmoja atatawala na kuwaua wengine. Weka tangi refu, mawe mengi yenye mapango, na samaki kumi na tano au zaidi ili ugomvi ugawanyike. Chakula chao kiwe cha mimea zaidi, wanaishi kwa kukwangua mwani kwenye mawe, ukiwalisha nyama nyingi tumbo linavimba.

---

MzeeWaKigamboni

Hapo umenigusa. Naweza kuchanganya na perege?

---

FundiMatangi

Perege atakua, atachafua maji kuliko wote na wadogo atawameza. Huyo peleka jikoni. Nitumie inboksi urefu wa ukuta na kina cha meza uliyo nayo, nikuambie kioo cha milimita ngapi umwagize fundi akukatie.